Mpira wa Breki wa Gurudumu la Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa brashi ya waya na ndoo ya mafuta ya taa, nikaambiwa nisugue injini mpaka nione rangi ya chuma. Ilikuwa miaka ya hamsini, katika gereji ya shamba la mkonge nje ya Voi. Nilikuwa nimeteremka kutoka Ronge nikiwa na miaka kumi na tisa, na sikufuata mshahara. Nilifuata mashindano ya magari.

Wazungu wa mashamba walikuwa wamefyeka njia ya mviringo kwenye udongo mwekundu, na Jumapili moja kila mwezi walishindana hapo. Magari yenyewe yalikuwa ya kawaida, yaliyochoka. Tuliyatoa vioo, tukachomelea milango isifunguke, basi. Dereva alipanda kupitia dirishani. Kando yake aliketi mwenzake, ambaye kazi yake ilikuwa kuegemea upande wa kona ili magurudumu yasiinuke. Katika gari la Bwana Meneja wa shamba letu, mtu huyo alikuwa Mwakio, kijana wa Kasigau tuliyelala naye chumba kimoja. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika spana.

Fundi Mkuu, Mhindi mpole asiyependa haraka, alinilea miaka miwili. Alinifundisha kwamba breki za magari yale zilisukumwa na mafuta yanayopita kwenye paipu moja tu. Yakivuja mahali pamoja, magurudumu yote manne yanakosa breki. Kisha akaugua, akapelekwa Mombasa, na Bwana Meneja akasema mashindano ya Jumapili ile gari litakuwa mikononi mwangu.

Jumamosi nilikuta mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye gurudumu la kushoto mbele, umelowa. Haukudondosha, ulitoa jasho tu. Mpira mwingine haukuwepo mpaka treni ya Jumatatu. Nilijua la kufanya: kumwambia Bwana Meneja gari haliendi. Lakini nilikuwa nimengoja siku hiyo miaka miwili. Nikaufunga kwa utepe, nikaongeza mafuta, nikakanyaga pedali. Ilikuwa ngumu, dalili kwamba breki zinashika. Nikajiambia itafika mwisho wa mashindano.

Asubuhi Mwakio aliniuliza kama nimeangalia breki.

"Nimeangalia," nikamjibu.

Bwana Meneja naye akauliza, "Gari iko tayari?"

"Iko tayari, Bwana."

Mzunguko wa sita, kwenye kona ya chini, gari halikupunguza mwendo. Lilipita moja kwa moja, likagonga ukingo wa mtaro na kubingirika ndani ya mkonge. Bwana Meneja tulimtoa akiwa amevunjika mkono. Mwakio alikuwa upande uliolaliwa na gari, na mlango tulikuwa tumeuchomelea wenyewe. Tulipoliinua, alikuwa ameshakufa.

Askari walipokuja, Bwana Meneja aliwaambia mwendo ulimzidi, kosa ni lake. Hakuna aliyeniuliza neno. Mimi ndimi niliyetumwa kupeleka maiti Kasigau kwa lori. Baba yake Mwakio alinikaribisha, akanipa maji ya kunawa, akauliza kitu kimoja tu.

"Gari lilikuwa na ubovu?"

"Halikuwa na ubovu, mzee."

Akanishukuru kwa kumrudisha mwanawe nyumbani.

Mashindano hayakufanyika tena pale. Nilihamia gereji ya serikali Mwatate, baadaye Taveta, nikapanda mpaka nikawa msimamizi wa karakana. Wakubwa wangu walilalamika kwamba nazuia magari yasitoke karakana kwa ubovu mdogo. Niliyazuia hadi nilipostaafu.

Sasa vijana wa Voi wanaopenda mbio za magari huja kuniuliza waanzie wapi. Nawaonyesha breki, na wengi huchoka kabla sijamaliza. Mzee wa Kasigau alifariki zamani. Kwa miaka yote aliyokuwa hai nilipita njia ya kwao mara nyingi, nikiwa na gari na nafasi, na sikukata kona hata mara moja kwenda kumwambia.