Tulivyouhamisha Mti wa Hariri

Nyumba yetu ya Mtopanga ilikuwa yetu, lakini ardhi haikuwa yetu. Ndivyo wengi tulivyoishi Kisauni, Mombasa: unajenga, unalipa kodi ya kiwanja, na mwenye ardhi akiitaka ardhi yake unaezua mabati yako unakwenda. Nililijua hilo siku niliyoupanda mti wa hariri mbele ya baraza, na bado nikaupanda.

Miaka hiyo ya themanini nilikuwa nafua mashuka katika hoteli moja ya ufuoni. Mkuu wa bustani pale, mzee mpole, alikuwa ameletewa mbegu za mti huo kutoka nchi za baridi. Alizipanda mara mbili, hazikuota. Siku moja akanipa zilizobaki ndani ya kikaratasi. "Zimenikataa, mwanangu. Jaribu wewe."

Zilikuwa mbegu bapa, ngumu kama kokoto. Tano nilizifukia tu mchangani, zikakaa vile vile nilivyozifukia. Nyingine nikazisugua kwa msasa wa mume wangu, aliyekuwa seremala, hadi ganda likachubuka, kisha nikazimwagia maji ya moto nikaziacha mpaka kesho yake. Zikaota nne. Mbuzi wa jirani akala miche miwili. Mche wa tatu niliunywesha maji ya kisima, nacho kisima chetu kilikuwa cha chumvi. Majani yakakauka kuanzia ncha, mche ukafa. Basi ule mmoja uliobaki ukawa unakunywa maji ya mfereji niliyoyapangia foleni, pamoja na maji niliyooshea mchele.

Mama mkwe tulikuwa tukikaa naye. Alikuwa mtu wa Mombasa wa tangu na tangu, mimi nimetoka mashambani Kaloleni, na kila nililofanya alilitazama mara mbili.

"Mti hauzai tunda," aliniambia, "wala kuni zake si kuni. Wajitesea nini?"

"Naupenda, mama."

"Wallahi una kichwa kigumu wewe."

Mwaka wa nne mti ukatoa maua: vishada vya nyuzi laini, vyeupe shinani na vya waridi nchani, juu ya majani membamba yanayojikunja jua likizama. Watu waliokuwa wakipita njia walisimama wakauliza ni mti gani.

Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa miaka ya tisini, msimamizi wa mwenye ardhi akaja na habari kwamba ardhi imeuzwa. Tulipewa miezi mitatu. Mume wangu akapata kiwanja Mjambere, akaanza kuhesabu milango, madirisha na boriti za kuchukua.

"Na mti," nikamwambia.

Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. "Bibi, mti umeshika mwamba. Ukiung'oa unakufa."

"Tukiuacha watauangusha. Afadhali ufe mikononi mwangu."

Nilikwenda mwenyewe kwa yule msimamizi kuomba ruhusa, nisije nikaitwa mwizi. Akanitazama kama mtu aliyepungukiwa na akili. "Chukua, mama. Chukua kila ulichokileta."

Nikarudi hotelini kumuuliza yule mzee wa bustani. Akaniambia nisiung'oe kwa siku moja. Nichimbe mtaro upande mmoja, nikate mizizi ya upande huo kwa panga kali, nijaze samadi na udongo mbichi, halafu ningoje mti utoe mizizi mipya. Baadaye nije upande wa pili. Nikafanya hivyo. Kila nikitoka kazini nilivua baibui nikashika mtaimbo, maana chini ya shibiri mbili za udongo ilikuwa ni mawe ya matumbawe matupu. Viganja vilinipasuka. Majirani walikuwa wakifungasha vyombo, na mimi nachimba.

Wiki ya mwisho mume wangu aliacha kuzungumza juu ya mwamba. Alikuja na mtaimbo wake, akaingia shimoni upande wa pili, tukachimba pamoja. Mzizi mkuu ulikuwa umepenya kwenye ufa wa jiwe na haukutoka. Ikabidi aukate kwa msumeno. Nilisikia ule mkwaruzo mpaka ndani ya meno.

Tulipunguza matawi, tukafunga bonge la udongo kwa magunia yaliyolowa maji, na wanaume wanne wakaupandisha kwenye mkokoteni. Hamali akauliza, "Mama, huu ni mzigo au maiti?"

"Ni mgonjwa," nikamjibu. "Enda polepole."

Nilitembea kwa miguu kutoka Mtopanga hadi Mjambere nimelishika shina lisitikisike. Mabati yetu yalipelekwa safari ya pili.

Wiki mbili baada ya kuupanda, majani yote yakaanguka. Mama mkwe akatoka, akautazama, akasema, "Haya, yashakwisha." Nikakwaruza gome kwa ukucha: juu, kavu; katikati, kavu; karibu na ardhi, kijani. Nikamwita mume wangu akakata sehemu yote iliyokufa, ikabaki shina la kufika kiunoni. Nikaendelea kulimwagia maji asubuhi na jioni, mwezi wa kwanza, mwezi wa pili. Watu wa Mjambere hawakutujua bado. Walitujua kama nyumba ya yule mwanamke anayemwagilia kigingi.

Aliyeliona chipukizi la kwanza ni mama mkwe. Nilikuwa jikoni, akaniita nije: "Ndoo! Ndoo uone!" Nilitoka mbio nikidhani ameanguka. Alikuwa ameinama, kidole chake hakigusi, ameelekeza tu.

Mti uliota upya kwa chini, matawi matatu badala ya shina moja, na ukatanda kuliko ulivyokuwa Mtopanga. Maua yalirudi baada ya miaka miwili. Wakati huo miguu ya mama mkwe ilikuwa imekufa ganzi, na kila alasiri tulimtolea kitanda cha kamba akalala kivulini. Wanawake wakija kuomba mbegu, yeye ndiye aliyewaeleza habari ya msasa na maji ya moto, na aliwakaripia waliokuwa na haraka.

Siku moja nyuzi za maua zilimjaa kwenye kikombe cha chai. Nikamuuliza kama tukisogeze kitanda.

"Kisogezwe wapi?" akasema, akazitoa moja moja kwa kidole, akanywa.