Koti la Marehemu Siku ya Wageni

Siku hizi nikipita karibu na chuo cha binti yangu natazama upande wa pili wa barabara, kwa sababu mlinzi wa pale bado ananipigia saluti, na kila saluti yake ni kofi. Nitawaeleza kisa chake, nanyi mcheke mnavyotaka, mimi mwenyewe sijapata wa kucheka naye.

Binti yangu Akello ndiye mkubwa wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni katika chuo kimoja hapa Kampala. Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo kazi yake naieleza ninavyoielewa: watoto wanatoka Goma, Juba, Mogadishu, wanakuja kusoma, yeye anawapokea, halafu anazunguka ng'ambo kutafuta vyuo vya kushirikiana navyo. Zamani ilikuwa kazi ya kupeana mikono na kupiga picha. Sasa dunia imenuna. Huko ng'ambo wanafunga milango, kila nchi inasema wetu kwanza, na hapa sokoni Nateete nako wauza ndizi wanasema wageni wamepandisha kodi za nyumba na kujaza viti vya watoto wetu. (Mimi niliwajibu? Hapana. Nilichagua nyanya zangu tu, maana hata mimi niliona hao watoto wa watu wamenichukulia wangu. Anaipokea dunia nzima, lakini kwangu anapita mbio mbio, hata gari hazimi.)

Basi akanipigia simu. "Mama, Jumamosi tunawakaribisha wanafunzi wapya. Kuna wageni wa chuo cha ng'ambo wanakuja kutazama. Wakiona watoto wako salama hapa, tutaendelea nao. Wakiona vingine, ofisi yangu itafungwa. Njoo uwasalimie watoto kwa Kiswahili, wengi wanakielewa."

"Niseme nini?"

"Sema karibuni, Mama. Basi."

Neno moja. Nilifurahi, sitaficha, si kwa sababu ya neno, ila nilijua nitashinda naye kutwa nzima.

Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu na baridi, nikafungua sanduku nikatoa koti la marehemu mume wangu, koti zito la kaki la polisi (vyeo tulivirudisha, vifungo vikabaki), nikajiambia koti ni koti. Fimbo yangu mkononi, maana goti langu halina adabu. Akello alituma gari kunichukua, hakuja mwenyewe. Angekuja, angenivua lile koti mlangoni.

Nikawekwa kwenye kiti chini ya hema. Akello nilimwona kwa mbali, anakimbia na simu sikioni, akanipungia mkono, akaingia ndani. Nikakaa. Watu wakapita mbele yangu kama ninavyopitwa na mabasi. Mfanyakazi mmoja akatangaza kwamba kila mwanafunzi aandae pasi yake ya kusafiria, aandikishwe ndipo apate chai, na hapo watoto wakaanza kusukumana, huyu kavuka, yule kapenya, hakuna mstari wala nusu ya mstari, na wageni wako njiani! Nikaona kazi ya binti yangu inaharibika mbele ya macho yangu. Nikainuka.

Sasa mjue, Kiswahili changu sikukipata msikitini wala dukani. Nilikipata kambi ya polisi, nilikoolewa nikiwa msichana, ni Kiswahili cha gwaride, na hapa Kampala mtu akikemewa kwa Kiswahili hicho anatafuta pa kujificha kwanza. Nikapiga fimbo chini.

"Nyinyi! Kaa chini wote! Pasi mkononi! Asiye na pasi asimame upande huu!"

Wakanyamaza. Nikafikiri, heshima hiyo. (Sikujua kwamba hosteli zote zilikuwa na uvumi kwamba wanafunzi wa kigeni watakusanywa warudishwe kwao. Ningeambiwa na nani?) Kisha sauti moja nyuma ikalia, "Wamekuja!" na watoto wakatawanyika kama kuku walioona mwewe, birika kubwa la chai likaanguka, kamba za hema zikang'oka, na mimi badala ya kunyamaza nikafanya kosa la pili, nikamfokea mlinzi, "Funga geti!"

Mlinzi yule ni polisi mstaafu. Akaona koti, akapiga saluti. "Ndiyo, afande!" Akafunga kwa minyororo.

Nje ya geti, gari la wageni lilikuwa limefika. Wakashuka, wakasimama pale kwenye vyuma wakitazama wanafunzi wanaparamia ukuta, na bibi mwenye koti la polisi katikati, fimbo juu.

Msichana mmoja wa Goma hakukimbia. Alikuwa amejikunja miguuni pangu, pasi ameinyanyua kwa mikono miwili. "Mama, niko na karatasi zote. Usinirudishe kule."

Nikataka kumwambia karibu. Neno halikutoka.

Akello akaja akamwinua yule mtoto, akamkumbatia, akamfuta machozi kwa kitambaa chake mwenyewe. Mimi nilisimama kando nikiangalia. Wageni waliingia, wakasalimia kwa upole, chai hawakunywa, wakasema wataandika. Mpaka leo Akello anasubiri barua yao.

Akello alinirudisha nyumbani mwenyewe. Mlangoni kwangu, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akazima gari. "Mama, kazi yangu yote ni kuwaambia hawa watoto kwamba hapa hawatafukuzwa."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilikwenda kumwona yeye tu. Nikasema, "Lile geti lenu linalia, litieni mafuta."

Akacheka kidogo, akalia kidogo, akawasha gari.

Koti nimelirudisha sandukuni na halitatoka tena mpaka siku nitakayozikwa. Na nimeapa sitamwamuru mtu ambaye sijamsalimia. Lakini kusalimia nako kumbe ni kazi, koo langu limezoea amri, kwa hiyo jioni nasimama mlangoni najaribu: karibu. Karibu, mwanangu. Juzi jirani akachungulia juu ya ukuta. "Jajja," akaniita, ndiyo bibi kwa Kiganda, "unamkaribisha nani? Simwoni mtu."

"Nyamaza wewe," nikamwambia. "Najifunza."