Abdiel Jicho na Mapango ya Bahari

Bahari sikuipenda tangu dakika ya kwanza. Haina barabara, haina kivuli, na chumvi inakuingia mpaka kwenye meno. Lakini Mama Fransiska, bosi wetu, alikuwa ameamua kwamba madereva wake waliochoka kuwaonyesha wageni tembo waende pwani ya Tanga, nao wakawe wageni. Bosi akishaamua kukulipia, unapanda tu gari.

Aliyekuwa hataki kabisa kwenda ni Abdiel, Baba Irine. Sisi tulidhani anaogopa maji. Yeye ni Mmeru, na Wameru tunawatania hivyo, kwamba maji wanayoyajua ni ya mfereji wa kwenye migomba tu. Kumbe alikuwa anaogopa kitu kingine, na alinieleza baadaye, wakati kuficha hakukuwa na maana tena. Macho yake yalikuwa yanakufa. Presha ya macho. Daktari alishamwambia kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitaondoka taratibu. Hakumwambia mtu, hata mkewe pale nyumbani Lemara. Dereva wa utalii asiyeona ni nani? Aliniuliza hivyo.

Kazini tulimwita Jicho. Kwa miaka mingi hakuna aliyemtangulia kumwona chui. Macho yalipomtupa mkono, akaendelea kwa kichwa. Kila mti ambao chui hupenda kulala alikuwa ameukariri, kila jiwe la simba, kila shimo la barabarani. Anafika, anapunguza mwendo, anasikiliza wenzake kwenye redio, ananyamaza. Mgeni akipiga kelele kwamba ameona, yeye anacheka na kusema alikuwa anasubiri waone wenyewe. Wageni walimpenda sana kwa hilo.

Baharini hakukuwa na mti hata mmoja anaoujua.

Maji yalikuwa yamekupwa, na boti yetu ilitambaa kandokando ya majabali huku nahodha akituonyesha mapango: hili lina popo, lile watu wa zamani walijificha wakati wa vita. Sisi tulikuwa tunapiga kelele, tunabishana nani ataona kitu wa kwanza. Madereva ndivyo tulivyo, hatuwezi kukaa kwenye chombo bila kushindana. Mbele, kwenye mdomo wa pango kubwa, juu ya mwamba, kitu kilikuwa kimeinama. Mmoja wetu akasema hicho tumwachie Jicho. Wote tukamgeukia. Abdiel akakunja uso, akachukua muda wake, akasema kwa ile sauti yake ya uhakika:

“Korongo huyo. Anakula.”

Korongo akanyooka, akajitwika ndoo, akatupungia mkono. Alikuwa mama mtu mzima anayetafuta pweza.

Tulicheka mpaka boti ikayumba. Abdiel naye alicheka, tena kutuzidi, na mambo yangeishia hapo. Ila Mama Fransiska hakucheka. Alikuwa ameuona uso wake kabla hajaanza kucheka. Akahama upande, akakaa karibu naye. Mimi nilikuwa nyuma yao, nikasikia yote.

“Baba Irine, tangu lini?”

Abdiel akasema tangu mwaka juzi.

“Na wale Waitaliano uliowashusha kreta wiki iliyopita? Ule mteremko wote ulikuwa unaona nini?”

“Njia naijua, mama.”

Mama Fransiska akaziba mdomo kwa mkono. Nilimkasirikia Abdiel pale pale, maana na mimi nina watoto, na nimepishana naye mara nyingi kwenye ule ukingo wa barabara ya kreta. Huruma nayo ikaja hapo hapo, nikawa sijui nishike lipi. Bosi hakupaza sauti. Alimwambia hatashika tena gari lake, na kwamba kampuni nyingine zikimpigia simu kumuulizia, ataziambia ukweli. Abdiel akaitikia kwa kichwa. Hakuomba kitu.

Nahodha, ambaye hakujua lolote, akazima injini na kutuingiza pangoni kwa kasia. Giza likatufunika. Wenzangu wakawasha tochi za simu, wakaanza kushangaa na kuonyeshana. Nikahisi Abdiel ananivuta mkono wa shati.

“Sadoki, kuna nini humu?”

Nikafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya kazini, ninayosemea na wageni.

“Upande wako wa kulia, juu, kuna popo, wengi sana. Tafadhali usisimame. Angalia taratibu, hatuna haraka.”

Akageuza shingo pale nilipomwelekeza, akaangalia kwa bidii. Kisha akatabasamu, vile wageni wanavyotabasamu wanapokuwa hawajaona kitu na wanaona haya kusema.