Nilichekecha sukari kwa chekeche la kuazima, keki ya mchungaji ikanitokea puani

Wakuu, amani iwe kwenu. Wewe unayesoma nakuchukulia kama shoga yangu wa kanisani, kwa hiyo sikufichi kitu. Mungu ananiona, hii ni kweli tupu.

Naishi Gungu, umri arobaini na kitu. Upishi nilisomea darasa la jioni, cheti ninacho.

Miaka ile Warundi wanaingia kwa wingi, kina mama wakimbizi walikuwa wanasali kwetu Ujiji. Nikaomba niwafundishe keki, wapate cha kuuza.

Mwenyekiti wa kina mama akasema, "Hawa wafundishwe kwanza uvumilivu."

(Mtu katembea na watoto mgongoni mpaka hapa, bado hajavumilia.)

Mwishowe akakubali: nipike keki ya kumpokea mchungaji mgeni. Ikipita, class inafunguliwa.

Sasa sukari ya huku, kwa unyevu wa ziwa, inaganda mabonge, na nyuzi za kiroba humo humo. Lazima uitwange, uichekeche, keki iwe laini. Chekeche langu lilikuwa limetoboka, mwenyekiti akaniazima lake. Nikaliona jeupe, nikachekecha. Nilikuwa nimefunga, sikuonja.

Siku yenyewe mchungaji akatafuna, akatulia, akameza. "Ina ladha ya pekee."

Basi kamati nzima ikauona upekee. Mzee wa kanisa akaongeza kipande.

Mwenyekiti akamgeukia Mama Nadine, mkimbizi, wa kwanza kwenye orodha yangu ya wanafunzi. "Na wewe mama, unaonaje?"

"Keki nzuri, mama. Ila ina dagaa."

Mwenyekiti akaigeukia kamati.

"Mnawaona? Unamkaribisha mezani, anakutukania chakula."

Nikaonja. Wakuu, dagaa kabisa. Chekeche lile mwenyekiti alikuwa anachekechea unga wa dagaa wa uji wa mjukuu wake. Sisi wa ziwani harufu ile hatuisikii tena, ndiyo hewa yetu. Mama Nadine kwao ni milimani.

Ningenyamaza, class ilikuwa yangu siku ileile.

Nikasimama. "Mama Nadine kasema kweli. Kosa ni langu, sikunusa chekeche."

Class ikafutwa. Sababu iliyosomwa: mwalimu kudharau vyombo vya mwenyekiti.

Jumatatu nasikia hodi. Mama Nadine na wenzake wanne, kila mtu na bakuli lake. Nikawafundishia jikoni kwangu, miezi mitatu. Siku hizi keki za kanisa wanapika wao, na mwenyekiti anakula mbili mbili, uvumilivu hauulizii tena.

Nilichojifunza: sukari chekecha, ila chombo cha kuazima nusa kwanza. Na mtu akikwambia ukweli, usimuulize katokea wapi.

Waokaji mliomo humu, yamewakuta? Semeni. Na kama kanisani kwenu kuna kamati, tafadhali wafikishie uzi huu, anza na mwenyekiti.