Nilimwita Mlevi Kulinda Deki Yangu

Admin, nifichie jina, maana mtaani kwetu Temeke wananijua. Mimi ni mwanaume wa miaka 61, nina wajukuu, na kila Ijumaa nakaa safu ya mbele msikitini. Mkimaliza kusoma mtaona sistahili hata mlangoni.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, deki ya video mtaa mzima ilikuwa yangu peke yangu. Waliniita Injinia. Injinia wa nini? Nilichojua ni kuchomeka waya na kusafisha hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, kwa spiriti, lakini sifa nilizipenda.

Jirani yetu Mzee Shabani alikuwa na mtoto mmoja tu, Hamisi, aliyekuwa anasoma Marekani. Siku moja Hamisi akatuma mkanda wa video. Alasiri Mzee na mkewe, Bi Zuhura, wakaja kwangu pamoja na majirani, mikeka ikatandikwa, kahawa ikapita. Nikawasha.

Picha ikaja haina rangi, inapanda juu bila kutulia, sura haionekani. Sauti ndiyo ilikuwa balaa: nzito, inaburuta, "Shiii-kaa-mooo baaa-ba," kama mtu aliyetoka kilabuni. Jirani mmoja akacheka, "Injinia, deki imekufa hiyo!"

Nikaona aibu. Nikachomoa, nikaweka mkanda wangu wa mechi ya mpira, ukaonyesha safi kabisa. Nikasema mbele ya watu wote, "Deki nzima hii. Mwenye matatizo ni aliyejirekodi. Huyo kalewa."

Mzee Shabani alinyanyuka bila kuaga. Tangu siku ile hakufungua barua ya Hamisi hata moja. Bi Zuhura alilia, akambembeleza, wapi!

Wiki mbili baadaye fundi mmoja wa Kariakoo akanieleza kwamba mikanda ya Marekani inakwenda picha thelathini kwa sekunde, deki na TV zetu ishirini na tano. Ukiuweka huku, picha haitulii na sauti inalegea. Nikasema kesho nitakwenda kwa Mzee. Sikwenda, niliogopa kuchekwa. Mzee akafariki na hasira zake. Hamisi naye akafia kulekule, akazikwa hukohuko.

Mwezi uliopita Bi Zuhura, ambaye sasa hata kutembea hawezi, aliniita. Nikamwamkia, akaitika, akatoa ule mkanda ameufunga kwenye khanga.

"Nasikia siku hizi mikanda mnaihamishia kwenye kompyuta. Nataka nimsikie mwanangu kabla sijafa. Hata kama kalewa, mie nilishamsamehe."

Nimeuhamisha, kwa deki ya kuazima inayosoma mikanda ya Marekani. Kijana wangu aliunganisha kompyuta na TV ya sebuleni, akalinganisha spidi ya TV na ya picha, ikatulia kama maji mtungini. Hamisi kavaa shati jeupe, anaongea haraka haraka kwa furaha: "Mama, msala wako huu hapa, naswalia kila siku. Mwambie baba asiwe na wasiwasi na mie."

Nililia mbele ya mwanangu, nikamdanganya kuwa ni macho yananiuma.

Sasa flashi yenye video hiyo iko mfukoni wiki ya tatu. Bi Zuhura akipiga simu namwambia kompyuta inasumbua. Zamani nilimsingizia mtu kuokoa mashine, leo naisingizia mashine kujiokoa mimi. Akimsikia tu, atajua nilichowafanyia.

Jana kapiga tena, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, kama anatukana humo ndani, yakate hayo. Nibakizie ile shikamoo tu."

Ndugu zangu, nishaurini. Naingiaje kwa yule mama, na naanza na neno gani?