Simbi za Mama

Harufu ya ndizi mbichi zinazoiva kwa mvuke ndani ya majani yake hunirudisha Uganda hata leo, kwenye bweni la masista, nikiwa na miaka kumi na miwili. Misheni yetu kule Songwa ilibadilishana wasichana na misheni ya huko: Mganda mmoja aje kwetu, mimi niende kwao. Mafundisho yalikuwa ya bure. Wazazi wangu wakamshukuru Mungu, wakanisindikiza mpaka Mwanza kupanda meli. Hakuna aliyetuambia kwamba sare, blanketi na chakula ni juu ya mzazi.

Wiki ya kwanza tu matroni akanisimamisha mlangoni. Kiswahili alijua maneno machache.

"Musukuma, ensimbi ziko wapi? Bila ensimbi, muhula ukiisha unarudi kwenu."

Sasa kwetu Usukumani simbi ni yale makombe madogo meupe ya baharini ambayo bibi zetu walivaa kwenye matambiko. Nikajisemea, kumbe hawa Waganda bado wanalipia shule kwa simbi. Nikaandika nyumbani hivyohivyo: mama, wanataka simbi, nyingi, upesi, la sivyo nafukuzwa. Stempu ikamaliza senti zangu zote.

Siku kumi baadaye Nakato, tuliyelala naye vitanda jirani, alikuwa ananunua muhogo wa kukaanga. Akanionyesha thumuni kiganjani.

"Ensimbi ndiyo hii. Kwenu mnaitaje?"

"Pesa," nikasema, nikakaa chini. Barua ilikuwa imeshavuka ziwa, na stempu ya pili sikuwa nayo. Nilibaki na rozari tu. Nikasali ile barua ipotee.

Haikupotea. Kifurushi kilifika kinanuka samli ya kwetu. Matroni akakifungua mezani mbele ya darasa zima, simbi zikamwagika. Nyingine nilizijua: za mkanda wa bibi marehemu, ambao mama aliuficha darini siku padri alipoagiza vitu vya matambiko vichomwe. Nyingine sikuzijua. Baadaye ndipo nikasikia mama alitoa mbuzi wawili, akizitafuta nyumba kwa nyumba.

"Musukuma, kanunue nyama basi, tule wote," msichana mmoja akasema. Wakacheka, na matroni naye. Nakato peke yake ndiye aliyeinama kuokota zilizoanguka.

Muhula ulipoisha nilirudishwa. Mama alinipokea mzigo, akauliza taratibu, "Hazikutosha?"

"Zilitosha, mama. Niliugua."

Leo nina miaka arobaini na kitu, na kusoma vizuri nimejifunza ukubwani, kwenye masomo ya jioni. Binti yangu yuko sekondari ya bweni. Barua yake ikija naisoma mara tatu, na neno nisilolielewa namuuliza mwalimu wangu kabla sijatuma chochote. Hilo naliweza. Mama tumemzika akiamini simbi zake zilipokelewa. Kila Kwaresima napiga magoti mbele ya padri, naungama mengine yote, na nikifika kwenye uongo ule niliomwambia mama, nauruka.