Turbo Iko Moto

Aibu nyingine mtu huzikwa nayo, lakini yangu haizikiki, kwa sababu ilishuhudiwa na ukoo mzima wa watu niliokuwa nimekwenda kuwaomba binti yao, pamoja na mchungaji wao, majirani wao na shangazi mmoja anayejua kutumia kamera ya simu kuliko inavyofaa, kwa hiyo ni heri muisikie kutoka kwangu mwenyewe, wakati bado nina nafasi ya kujitetea.

Kwanza mnielewe. Mimi ni mtu wa kanuni. Nilisomea ufundi wa mitambo chuoni, hapa hapa Nakuru, nikatoka na stashahada pamoja na imani thabiti kwamba taifa hili linaangamizwa na tabia ya kungoja kitu kivunjike ndipo kitengenezwe. Daraja tunangoja, paa la shule tunangoja, hata meno tunangoja. (Niliwahi kuyafafanua haya mbele ya vijana wa kanisa letu, kwa kirefu kiasi kwamba mwenyekiti alianza kupanga viti kimoja juu ya kingine nikiwa bado nazungumza.) Basi nilipopata gari langu, gari la turbo lililozeekea mikononi mwa watu wasiojua thamani yake, sikulichukua ili linifikishe mahali, la hasha, nililichukua ili liwe mfano kwa jamii. Nilimwaga oili kabla ya wakati wake, nikabadilisha mkanda wa injini ambao haukuwa umemkosea mtu yeyote, nikakagua kila mpira wa hewa na wa maji kila Jumamosi, na zaidi ya yote sikuzima injini hata siku moja kabla ya kuiacha ingurume palepale iliposimama hadi turbo ipoe.

(Kwa wasiojua: turbo ni kifeni kidogo kinachozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi. Huzunguka kwa kasi ya ajabu na hupata moto hasa, na ukizima gari ghafla baada ya kulikimbiza, oili iliyobaki humo huungua na kuganda, na kifeni hufa kabla ya siku zake. Huo ni ukweli wa kisayansi, na ningali nauamini, ingawa siku hizi nauamini kimyakimya.)

Siku yenyewe tulikuwa tunakwenda Keringet, mimi na baba mdogo Wekesa, aliyestaafu kiwandani na ndiye msemaji wa familia katika mambo mazito, ili tujitambulishe kwa wazazi wa Chebet, mchumba wangu. Chebet alikuwa ametangulia. Alinipa agizo moja tu, kwamba nisizungumze na baba yake kwa kile Kiswahili changu cha kitabu, kwa sababu watu wa kwao wangedhani nimetumwa na wizara kukagua shule. "Ongea kama watu," aliniambia. Mimi ninayeamini kwamba ngeli ndizo msingi wa ustaarabu nilikubali, na hiyo ndiyo sadaka kubwa kuliko zote nilizowahi kutoa kwa ajili ya mapenzi.

Tulichelewa. Tulichelewa kwa sababu nilisimama Molo kupima oili, nikaikuta palepale nilipokuwa nimeiacha nilipoipima Njoro, na baba mdogo akaniuliza kama nilitarajia imehama. Ili kufidia muda, nilivipanda vile vilima kwa kukanyaga mafuta bila huruma, hivyo tulipofika langoni kwa Mzee Langat, turbo ilikuwa imeiva. Lango lilikuwa wazi, kina mama wamejipanga, boma limefagiliwa. Mtu mwenye akili angezima gari, akashuka, akasalimu. Mimi nilisimama katikati ya lango, injini ikinguruma, nikamwomba baba mdogo atangulie akawaambie wenyeji watuvumilie kidogo tu, nangoja turbo ipoe.

Baba mdogo alishuka, akarekebisha kofia, akawaambia: "Kijana anasema mngoje kidogo. Turbo iko moto." Kisha akakaribishwa ndani, akapewa kikombe cha mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa kwenye kibuyu, na kwa upande wake kazi ikawa imekwisha.

Sasa, nyote mnajua kwamba uko mji uitwao Turbo, kule juu ng'ambo ya Eldoret. Mimi pia nilijua. Nisichojua (Chebet ana ndugu wengi, na nilikuwa nimekariri majina bila makao) ni kwamba dada yake mkubwa, Chelangat, ameolewa huko, na ana mtoto mchanga huko. Na katika Bonde hili la Ufa, lililowahi kuona nyumba zikichomwa wakati wa uchaguzi, mtu akisema mji fulani uko moto, watu wazima hawaulizi ni moto wa aina gani. Wanatafuta simu.

Simu ya Chelangat ilikuwa imezimwa.

Mzee Langat akaja hadi kwenye dirisha langu. Ni mtu mrefu, mpole, asiyependa kupoteza maneno, na nilifurahi mno kwamba jambo la kwanza aliloniuliza mkwe wangu mtarajiwa lilikuwa la kiufundi.

"Kijana. Ni kweli Turbo iko moto?"

"Iko moto sana, mzee. Mpaka imekuwa nyekundu."

"Kuna moshi?"

"Bado. Ukiona moshi, ujue hiyo imeisha."

Alishika mlango wa gari. "Nani ameifanya hivyo?"

"Ni sisi wenyewe tu, mzee," nilisema, nikitikisa kichwa kwa uchungu wa mzalendo. "Watu wa haraka. Hatutaki kungoja."

"Na haiwezi kuzimwa?"

"Hapana, mzee. Ukizima sasa ndiyo unaua kabisa. Wacha tu ipoe yenyewe, pole pole. Sisi tukae hapa."

Alinitazama kwa muda mrefu. Mimi nilidhani ananistahi. Kumbe alikuwa anamtazama mtu aliyekuja kumwomba binti mmoja huku akimshauri amwache mwingine aungue. (Laiti kila mmoja wetu angefuata ngeli siku ile! Yeye angesema "kuko moto", mimi ningesema "ina joto", na kila mtu angeenda nyumbani na heshima yake. Lakini niliambiwa niongee kama watu.)

Akarudi ndani ya boma. Punde nikasikia sauti za kina mama zikipanda, kisha mchungaji akaanza wimbo na watu wote wakaitikia. Nikajua ndiyo mapokezi. Nikanyoosha tai. Na kwa kuwa sikutaka nionekane mgeni mwenye kiburi, nikaanza kuufuata mdundo kwa honi. Ndiyo, ndugu zangu: watu wanaomboleza, mama mkwe amekaa chini kwenye nyasi akiliita jina la mwanawe, nami napiga honi, taratibu, kwa kuzingatia mahadhi.

Kisha pikapu ikaja kutoka ndani ya boma, imejaa binamu, ikasimama mbele yangu kwa sababu gari langu lilikuwa limeziba lango lote.

"Boss, toa gari tupite," akasema dereva.

Nikadhani wanakwenda kuchukua soda, nikamwonyesha ishara kwamba avute subira, inakaribia kupoa.

"Inakaribia?" Alishuka. Wenzake wote wakashuka pia. "Wewe ni mtu aina gani?"

Aliyeniokoa ni Chebet. Alikuja akikimbia, shanga za sherehe zikiwa zimemwendea upande, macho mekundu, akaninyooshea kidole na kuniuliza nimeona nini Turbo. Nikamwambia sijaona kitu, nasikiliza tu. Akaitazama injini inayonguruma, akautazama mkono wangu juu ya ufunguo, na kwa kuwa amewahi kukaa ndani ya gari lile nje ya kila duka la Nakuru akingoja jambo hilohilo, niliona uso wake ukibadilika.

"Turbo gani?"

"Ya gari," nikasema.

Aligeuka akawaambia watu wote kwa lugha ya kwao. Sikuelewa maneno, lakini kimya kilichofuata kilinitafsiria. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu kicheko ningekivumilia. Mama yake aliinuliwa kutoka kwenye nyasi. Na hapo ndipo simu ikaita, Chelangat mwenyewe, aliyekuwa amelala na mtoto, akitaka kujua kwa nini ukoo mzima unamwuliza kama yu hai, na kutuarifu kwamba huko kunanyesha.

Mzee Langat akarudi dirishani.

"Zima," alisema.

Nilizima. Turbo haikufa. Haikukohoa hata.

"Utaenda Turbo," akaendelea, bila kupandisha sauti. "Umwone mtoto wangu, umwambie ni wewe ulimchoma. Urudi hapa, mbele ya hawa, useme hakuna moto. Hapo ndiyo tutaongea."

Baba mdogo, kikombe kikiwa bado mkononi, alikubali kwa niaba yangu kabla sijafungua mdomo. Nilipoanza kumweleza Chebet kwamba safari ndefu kiasi hicho inahitaji kwanza kubadilisha oili, alinyoosha kiganja nikaweka ufunguo.

"Utaenda na basi."

Nilienda na basi. Chelangat alikuwa ameniwekea ndoo ya maji mlangoni, imejaa hadi ukingoni, na alinionyesha tu kwa kidevu bila kunisalimu. Niliomba radhi nikiwa nimesimama kando yake. Kisha nikarudi Keringet, nikatangaza mbele ya watu wale wale kwamba hakuna moto, na mazungumzo yakaanza, ingawa aliongezwa ng'ombe ambaye hakuwa ametajwa awali, na hakuna aliyeeleza ni wa nini, wala baba mdogo hakuthubutu kuuliza.

Basi nimeapa. Nikifika kwa watu, nazima gari, nashuka, nasalimu. Turbo ikitaka kufa, na ife. Nyingine nitaipata. Wakwe hawauzwi kwenye duka la spea.